Mkuyu Ulioanguka Kwenye Ukurasa Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja hapa Isecheno, mwanangu, wewe ukiwa bado nasari na mimi mke kijana, baba yako aliponyamazishwa na nyanya mmoja wa Mumias ambaye hata sauti hakupandisha. Nimeikumbuka tangu jana uliponionyesha zile kurasa zako mpya za tovuti yetu. Ulikuwa na furaha sana, nikakosa moyo wa kukukatiza. Leo kaa hapa, chai ipo.

Baba yako unamjua, akishika jambo halali. Tulikuwa tumejenga vibanda vya wageni kando ya msitu, mimi napika, yeye anatembeza watu kuona ndege na mbega, na wageni hawaji. Akaenda saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, mjini Kakamega, akajifunza kutengeneza tovuti, akaandika habari ya mkuyu mkubwa uliokuwa njia ya mtoni. Aliandika vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Hata mimi niliyeupita mkuyu huo kila siku nilitamani kwenda kuuona.

Kisha akaingiwa na ujanja. Akaunakili ukurasa ule ule na kubadilisha majina tu: huu wa watu wa Kakamega, huu wa Mumias, huu wa Chekalini. Maneno ni yale yale, mkuyu ni ule ule. Aliniambia mtu akitafuta kutoka popote atatupata, nami nikamwona bingwa. Sasa jana nimeona zako, nyingi kuliko zake, nikasema moyoni huyu ni wa babake kabisa.

Msimu mmoja wa mvua upepo ukauangusha mkuyu. Baba yako alihuzunika, akarudi saiba, akaandika kwamba umeanguka. Lakini aliandika kwenye ukurasa mmoja. Zile nakala nyingine alizisahau au alizionea uvivu, sijui, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Ndipo wakaja mama mmoja na mamake kwa gari la kukodi kutoka Mumias. Huyo mamake, Nyanya Zainabu, alikuwa na magoti mabovu, na alitoa salaam aleikum kabla mguu haujagusa chini. Babake alifanya kazi ya msitu hapa zamani, na yeye akiwa mtoto alicheza kwenye mizizi ya mkuyu ule. Sasa alikuwa anangojea kupasuliwa magoti, na aliogopa kwamba akilazwa hataamka. Akamwambia bintiye, nipeleke kwanza nikauguse.

Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimshika mkono nikasema, kukhu, kama ninavyomwita nyanya yako, mkuyu ulianguka. Binti akatoa simu akatusomea: mkuyu umesimama, njia ni rahisi, karibuni watu wa Mumias. Baba yako akaja mbio kujitetea.

"Lakini mama, mimi niliandika kwamba umeanguka. Huo mnaosoma ni ukurasa mwingine."

Nyanya Zainabu akamtazama kwa upole. "Kwani mwanangu, kuna msitu mwingine?"

Nyanya akaendelea polepole: "Ungeniambia umeanguka, ningekuja tu. Ningekuja kuuaga. Lakini njia nzima nimekuwa nikiuona umesimama."

Akalia, na mimi nikalia naye. Baba yako akapiga goti, akambeba mgongoni mpaka kwenye gogo, na nyanya akalishika na kuomba dua yake. Mchana akakubali obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, akala vizuri. Magoti yalipasuliwa na akaamka, alhamdulillahi, alitupigia simu mwenyewe.

Wiki hiyo baba yako aliziondoa nakala zote, akabakisha ukurasa wa kwanza, na zile anwani nyingine akazielekeza pale. Akauandika upya: mkuyu umeanguka, jua sasa linafika chini, vipepeo wamejaa. Akawa anaurudia mara kwa mara kuangalia kama alichosema bado ni kweli. Na mtandao, ambao zamani ulikuwa haujui umpe mtu ukurasa gani kati ya hizo pacha, ukaanza kutuletea wageni.

Kwa hiyo, mwanangu, zile kurasa zako zinazosema jambo moja ziunganishe ziwe moja yenye nguvu. Kama kweli ni mahali pawili tofauti unapotaka kuandika habari zake, nenda ukapatembee pote, uone kila mahali pana nini chake, ndipo uandike. Na zile habari za zamani za baba yako usizifute eti zimezeeka. Zifungue, uzisome kama mtu anayefunga safari kesho: njia bado ipo? Geti ni lile lile? Rekebisha, ongeza ulichokiona wewe, anwani uiache ilivyo. Kubadilisha tarehe peke yake ukaziita mpya, hapana, huo ni uongo na mimi sikukulea hivyo. Yuko mtu huko anayekuamini bila kukujua, na pengine safari yake ni moja tu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu mpenzi. Akupe macho ya kuona kilichobadilika na moyo wa kukisema, na kila mgeni atakayefika hapa kwa maneno yako akute ulichomwambia.