Karatasi ya Nyuma ya Mlango

Kwetu Tanga karatasi ni karatasi: ya kuandikia, ya kufungia kashata, ya kuwashia jiko. Ule wa nailoni wa kubebea vitu twauita mfuko. Mombasa kumbe kila mtu huuita karatasi, na hakuna aliyeniambia, kwani nani atamweleza mtu mzima neno ambalo hata mtoto analijua? Ilikuwa miaka ya tisini mwanzomwanzo, nina siku arubaini tu tangu niolewe katika nyumba ya Mji wa Kale. Mgeni ni kuku mweupe, wasema, na mimi nilikuwa mweupe hasa. Nikifungua kinywa tu, majirani wanacheka lafudhi yangu.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa walisoma Kurani kwake, ukumbini chini, na juzuu zao zikichakaa kurasa zikakatika, hakuzitupa. Alizikusanya mpaka zikawa nyingi, kisha mume wangu akaenda kuzitosa baharini kwenye kina. Jina la Mungu haliendi jaani. Hilo hata Tanga twalijua, mtu asinifunze.

Siku ile mama mkwe alikwenda mtaa wa Buxton kuhani msiba. Mume wangu alikuwa kazini Mbaraki. Mama akavaa buibui lake, akaniambia akiwa mlangoni, "Mwanangu, mtu wa taka akija mpe taka. Karatasi ya nyuma ya mlango usimpe kabisa."

"Naam, mama," nikajibu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na rundo la magazeti ya kuwashia jiko. Juu yake, kwenye msumari, ulining'inia mfuko mweusi uliofungwa fundo. Mtu wa taka alipobisha nilimpa ndoo ya jikoni, halafu nikautungua ule mfuko nikampa nao. Magazeti nikayasogeza mbali, asije akayachukua. Nikajiona mke mwerevu.

"Ahsante, bi arusi," akasema. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, wa makamo, anayezoa taka za vichochoro vyetu kwa mkokoteni kwa kuwa lori halipiti. Kazi yake ilikuwa na mpango. Akifika kwenye kona, chini ya dirisha letu, alisimama akachambua: chupa huku, makopo huku, maganda ya kuwapa wenye mbuzi huku, na yaliyobaki ndiyo ya jaani. Kila mfuko aliufungua, maana hata mfuko wenyewe ukiwa mzima aliuosha akauuza.

Nilikuwa ghorofani nachagua mchele niliposikia sauti ya mwanamume ikiuliza, "Hizo ni nini?" Nikachungulia. Mtu wa taka alikuwa ameufungua ule mfuko mweusi. Kurasa nyingine zimo mkononi mwake, nyingine ameshazitia kifuani, ndani ya shati. Mbili zilikuwa zimeangukia mkokoteni, juu ya magamba ya samaki. Niliziona herufi zake za Kiarabu kutoka pale juu. Nikafahamu ndizo kurasa za chuo.

Wakaja wanaume sita, saba, kisha sikuweza kuwahesabu. Mmoja akasema huyu anatupa Msahafu jaani. Mwingine akasema, na nyingine anazificha shatini, mtazameni. Yeye alijaribu kueleza kwamba alikuwa anazirudisha, kwamba amezoa taka hapa miaka mingi na anajua hizi hazitupwi. Hakuna aliyemsikiliza.

"Umezitoa nyumba gani?" wakamuuliza, mmoja amemshika ukosi.

Akainua macho akatazama dirisha letu. Mimi nikarudi nyuma, nikabana mgongo ukutani. Niliogopa, sikufichi. Niliwaogopa watu wale. Niliogopa mama mkwe, mwalimu mzima, aambiwe kwamba kurasa zinatoka kwake kwenda jaani. Niliogopa kurudishwa Tanga na sanduku langu kabla hina haijaniisha kuchani.

"Nimezikuta kwenye taka," akasema. Nyumba hakuitaja. Mama mkwe alikuwa akimpa chakula kila Ijumaa, na akiitaja nyumba angemtia aibuni.

Nikasikia kofi. Halafu la pili. Mtu akataja tairi na mafuta ya taa, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeagiza chai. Siku hizo maneno hayo hayakuwa mzaha. Nikajiambia nashuka, nikabaki pale pale ukutani. Nikajiambia labda watachoka wenyewe. Kofi la tatu lilikuwa na mlio mwingine.

Ngazi za nyumba ile ni kumi na saba. Nilizishuka na kanga, bila buibui, magazeti kwapani. Hata leo sijui kwa nini niliyabeba. Nikawaambia, "Ni mimi niliyempa. Mama alisema karatasi nisimpe, na karatasi hizi hapa, sikumpa."

Wakanitazama, wakayatazama magazeti. Mzee mmoja akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Tanga. Akaunyanyua ule mfuko mweusi. "Na hii, binti yangu, kwenu mwaiitaje?"

"Mfuko," nikasema.

Mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi, na ule mkono ukaachia ukosi. Wakaokota kurasa pamoja naye, wakampangusa vumbi, wakamwambia pole. Alikuwa ameinama, kiganja sikioni, na damu inapita katikati ya vidole.

Mama mkwe alirudi alasiri, ameshahadithiwa njiani. Nilingoja aniambie nifunge sanduku. Alivua buibui taratibu, akakaa kitako, akaniuliza moja tu. "Ulipoona wamemkamata, ulishuka papo hapo?"

"Naam, mama."

Hakunirudisha. Nimezaa watoto wanne katika nyumba ile. Hadithi ya karatasi ikawa kichekesho cha kila arusi, na mimi nacheka nao. Mtu wa taka aliendelea kuja miaka mingi. Nikishuka kumpa ndoo na kumwambia sabalkheri, alinigeuzia upande wa kulia wa kichwa, maana sikio la kushoto lilishakufa kwa kofi lile la tatu, akaniomba niseme tena. Nami nilisema tena, kwa sauti kubwa, na mama mkwe yuko juu anasikia.