Nilipungua mwili, mawifi wakanirudisha ndani kama mwali

Wakuu, hodi humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Kila nikifungua simu nakuta uzi wa kupunguza mwili. Mara maji ya limao, mara gym, mara picha ya kabla na baada. Sawa. Lakini hakuna anayewaambia yanayokuja nyuma ya hiyo picha ya baada.

Leo naeleza mimi. Sitii chumvi, na walionifanyia nawataja kwa majina. Wa kununa anune.

Elimu yangu darasa la nne, kwa hiyo walimu wa Kiswahili pumzikeni kwanza.

Ni miaka ya themanini mwanzoni, enzi za foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga. Kuna siku nilipanga foleni sijui hata ya nini, nafika mbele nakuta ni betri za redio. Na redio sina.

Nilikuwa nimeolewa Maili Moja, Kibaha, na fundi cherehani anaitwa Salum. Huyo ndiye wa kwanza kumtaja, lakini zamu yake ya kusemwa bado. Mtoto wetu mkubwa Hamisi, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Mama Hamisi.

Na nilikuwa mnene jamani.

Siyo huu unene wenu wa "nina kitambi kidogo". Zahanati mizani yao iligoma, ikabidi bwana mganga anipeleke kwenye mizani ya kupimia korosho. Nikakaa pale kama gunia, wakulima wamesimama na magunia yao wananisubiri nishuke.

Unene ule ulikuwa heshima. Zama za shida mke mnene ndiyo tangazo la mume. Salum akitoka na mimi kifua mbele, utadhani kaninenepesha yeye. Wateja wanamwambia, "Fundi, kwako kunaliwa!" Anacheka mpaka machozi. Kumbe tunakula ugali wa unga wa njano kama wao, mwili wangu tu ndio ulivyoumbwa.

Hata kunichumbia alinichumbia siku nilipotolewa mwali.

Kwa wasiojua: sisi Wazaramo msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Halimi, hatwangi, haoni jua. Analishwa na kufundwa miezi na miezi. Siku ya kutolewa anabebwa mabegani, ngoma inalia, na watu wanatazama kitu kimoja tu, amejaa au hajajaa. Mimi nilijaa. Walionibeba walipokezana njiani.

Basi presha ikaja. Kichwa kinagonga, magoti yanalia. Bwana mganga wa zahanati, kijana wa bara asiyejua kuzunguka maneno, akaniambia, "Mama Hamisi, usipopungua watoto hawa utamwachia mwenzio. Na siku ukiona miguu inavimba, usingoje kesho. Njoo."

Niliogopa. Nikaacha nazi. Nikaacha sukari, ambayo hata hivyo haikuwepo. Shamba letu lilikuwa Pangani, Pangani ya hapa hapa Kibaha siyo ya Tanga, nikawa naenda na kurudi kwa miguu kila siku na jembe begani.

Mwaka haujaisha vizuri nimebaki nusu.

Sasa sikilizeni yale ambayo gym hawawaambii.

Baridi. Kibaha wakuu, jua la mchana, mimi nimevaa sweta natetemeka kama nimeamkia Lushoto. Watu wananiuliza kama nina homa.

Kukaa. Benchi nililokalia miaka yote likaanza kuniuma. Nilikuwa sijui kama makalio yana mifupa. Nikilala ubavu, goti kwa goti linagongana mpaka niweke khanga katikati.

Nywele zikanyonyoka. Pete ikaanguka kwenye ndoo ya maji. Ngozi ya mikono ikabaki inaning'inia, nikipunga mkono kumsalimia mtu inapunga mara mbili.

Mlango wa jikoni kwangu mwembamba, nilizoea kupita ubavu. Nimeshakuwa kama ufito lakini bado napita ubavu. Hamisi akawa ananicheka, "Mama, pita tu, mlango haukukumbuki tena."

Na kukoroma kuliisha. Mngedhani Salum atafurahi. Wapi! Alikuwa ananiamsha kuangalia kama niko hai. "Nyumba imekuwa kimya mno," anasema. Nikaona ni utani.

Ya mwili hayo. Ya moyoni ndiyo yalinichanganya.

Nilikuwa nalia bila sababu. Nachambua mchicha, machozi yanashuka. Hasira nazo ziko karibu, mtu akinikanyaga foleni nataka kumrukia. Zamani nilikuwa mtu wa kucheka, au labda watu walikuwa wanataka mnene acheke.

Na nikapotea. Napita sokoni Maili Moja, watu walewale, hawanisalimii. Hawakunijua. Mama mmoja muuza nyanya akaniuliza, "Mama Hamisi hajambo? Wewe ni mdogo wake?" Nikamjibu, "Hajambo, anakusalimu." Nikaenda nyumbani nikalia tena.

Maneno yakaanza. Ametupiwa kitu. Ana kifua kikuu. Fundi hamlishi mkewe. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma Salum. Akaanza kutembea nyuma yangu, siyo mbele.

Hapo ndipo anaingia wa pili, na huyu ndiye mkubwa wao. Wifi Zuhura, dada yake Salum, wa kijiji kimoja njia ya Maneromango, huko Kisarawe. Mwanamke wa amri yule. Hata kuku wake walikuwa wanataga kwa ratiba.

Akatuma salamu kwamba binti yake anatolewa mwali, niende nikasaidie. Salum akanihimiza kweli, mpaka akaninunulia kandambili. Nikaacha watoto nikaenda.

Ngoma ilikuwa nzuri, sina neno. Asubuhi yake nakusanya vitu nirudi, Zuhura akaja na mwanamke mtu mzima, Bi Mtumwa, kungwi aliyemlea yule mwali. Wakanipeleka kwenye chumba kilekile mwali alichotoka.

"Wifi, pumzika kidogo," Zuhura akasema.

"Nimeshapumzika, wifi. Watoto wananingoja."

"Watoto wana baba yao. Wewe umekwisha, mwili wote umekwisha. Tunakuweka ndani tukurudishe."

Nilicheka. Nikadhani ni masihara ya mawifi. Kugeuka, gauni langu halipo, kandambili hazipo. Nimebaki na khanga moja.

Wakuu, mimi mama wa watoto, nimewekwa ndani kama kigori! Na Bi Mtumwa akanipa mwanahiti, kile kidoli cha mti anachopewa mwali akilee, akipake mafuta, akibebe kama mtoto. Nikamwambia, "Bibi, mimi wa kwangu wa kweli nimewaacha Maili Moja." Akanijibu taratibu, "Nyamaza mwanangu, mwali hapazi sauti."

Chakula sasa. Uji wa tui la nazi asubuhi, wali mchana, mihogo ya nazi jioni, karanga katikati. Na uji una sukari! Sukari ambayo Kibaha tulikuwa tunaiona kwenye ndoto. Sitaki kuwa mnafiki, uji wa kwanza niliunywa wote nikalamba bakuli.

Lakini kulala mchana kutwa gizani, bila kutembea, nazi juu ya nazi. Kichwa kikaanza kugonga tena. Nikisimama naona nyota. Kila nikimwambia Zuhura nataka kwenda hospitali ananijibu mwali haendi hospitali.

Wiki zikapita. Siku moja Bi Mtumwa ananipaka mafuta miguuni, akasita. Akabonyeza. Akapiga kigelegele, yule bibi wa kunyamaza!

"Zuhura! Njoo uone, miguu imejaa!"

Zuhura akaja mbio na majirani zake. Wakanishika vifundo vya miguu, vimekuwa kama viazi vikuu. Vigelegele chumba kizima, mmoja akaanza na kucheza. Mimi nimelala pale natazama miguu yangu na maneno ya yule kijana wa zahanati yananijia sikioni. Usingoje kesho.

Wanashangilia kifo changu, jamani. Kwa moyo mweupe kabisa.

Nikasema, "Wifi, huu siyo unene. Huu ni ugonjwa. Nipe gauni langu."

"Ugonjwa ni ule uliokuja nao," akanijibu. "Sasa sikiliza nikwambie ukweli. Kaka yangu tumeshamtafutia binti, Tatu, wa hapo jirani. Ukijaa vizuri, unarudi kwako na mambo yanakwisha. Usipojaa, anamuoa na watoto watalelewa na Tatu."

"Salum anajua haya?"

Akacheka. "Sukari ya uji unaokunywa unadhani inatoka wapi? Nani anayeipangia foleni kila wiki akatuletea?"

Lile jibu liliniuma kuliko presha.

Mchana wa siku ileile nikaamka. Zuhura yuko kisimani, Bi Mtumwa amesinzia. Uani kuna wanaume wanacheza bao, mume wa Zuhura na wenzake. Sina gauni, sina viatu, na njia ya kutokea inapita katikati yao.

Lakini nikakumbuka kitu. Mwali hatazamwi na mwanamume kabla hajatolewa. Ni mkosi mkubwa, na faini juu.

Na wao si walisema mimi ni mwali?

Nikajifunika khanga kichwani, nikampakata mwanahiti kama anavyofundishwa mwali, nikatoka. Polepole, miguu inauma.

Wa kwanza kuniona akapiga ukelele, "Mwali! Mwali anatoka!" Lo! Kete zikamwagika. Huyu kageukia ukutani, huyu kajifunika kanzu usoni, mume wa Zuhura mwenyewe kajitupa nyuma ya pipa la maji.

Zuhura huyo anarudi na ndoo, akaniona niko njiani tayari. "Mzuieni! Nyinyi wanaume, mzuieni!"

"Tumzuieje," mumewe anajibu kutoka nyuma ya pipa, "na sisi hatumwoni?"

Njia nzima ikawa hivyo. Wanaume wanageuka, wanawake wameduwaa. Zuhura na ndoo yake kichwani alinifuata hatua chache, akaona aibu ya watu, akarudi. Sijawahi kupita kijijini kwa raha kiasi kile.

Barabarani nikapata lori la mbao linaloelekea Morogoro. Dereva hakuwa mtu wa kwetu. Akaniangalia khanga moja, miguu mitupu, akauliza, "Mama, unatoka msibani?" Nikamwambia, "Ndiyo, ulikuwa wangu." Akanishusha Maili Moja.

Salum yuko kwenye cherehani barazani. Watoto wakanirukia. Yeye akainuka, akanitazama uso, akashuka, akafika miguuni.

Akatabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Naona umeanza kurudi."

Nikamshika kidole nikakibonyeza juu ya mguu wangu. Nikakiachia. Shimo likabaki pale pale, halijai. Akalitazama, tabasamu likaondoka.

"Nirudi wapi, Baba Hamisi? Huyo unayemsubiri alikuwa anakufa. Mimi ndiye niliyebaki. Unanitaka au hunitaki?"

Wakuu, nilimpa nafasi. Naapa nilimpa nafasi. Akawa anauzungusha uzi wa cherehani kidoleni. Mwishowe akasema, "Sasa dada nitamwambiaje?"

Basi. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa, miguu ikashuka. Halafu nikachukua watoto tukahamia shambani Pangani, kibanda cha udongo, na talaka yangu nikaidai mwenyewe. Alimuoa Tatu. Tangu Zuhura alipomtaja nilikuwa namwogopa Tatu, kumbe mke mwenzangu alikuwa mimi mwenyewe wa zamani, na huyo huwezi kugombana naye.

Miaka ikapita. Siku moja napalilia mihogo, naona mwanamke mwembamba, ana mtoto mgongoni, anakuja kwa kusitasita. Alikuwa Tatu. Uzazi na maisha vimemmaliza. Akaniamkia, akakaa chini, akalia kwanza.

"Dada," akasema, "Wifi Zuhura ameniita Kisarawe, nikapumzike kidogo. Naomba uniambie. Wewe ulitokaje?"

Nilikuwa na kila sababu ya kumfukuza. Nikaweka jembe chini nikamweleza yote, mpaka lile pipa la maji. Akacheka na machozi yake. Kisarawe hakwenda. Mpaka leo tunatembeleana.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipungua, mwili utakushangaza, baridi na mifupa na nywele, hayo yatapita, vumilia. Kulia pia kutapita. Lakini kuna watu watakuwekea matanga wakati uko hai, na wengine watataka kumfufua yule mwingine kwa kukulisha wewe. Usiwaruhusu, hata kama sukari wameipangia foleni.

Na miguu ikivimba usipigiwe vigelegele. Nenda hospitali.

Zuhura alishafariki, Mungu amrehemu, ila sijamsamehe vizuri. Salum yupo, anashona, na nasikia mjukuu anamsomea mambo ya mtandaoni. Basi amsomee na huu.

Haya, zamu yenu. Mlipopungua, nani alikuwa wa kwanza kukudai urudi ulivyokuwa? Mama, mume, shoga wa kazini? Tiririkeni hapa chini. Majina ruksa.