Nilivyoongoza Mtihani wa Kiwandani

Nina elimu ya kidato cha nne, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimemkumbusha hilo mke wangu, Mama Suzana, aliyeishia darasa la saba. Leo naona aibu hata kuliandika.

Kiwandani kwetu Igogo, ambako nilikuwa natunza chumba cha kugandishia samaki, zililetwa mashine mpya. Tukaambiwa tujifunze na tufanye mtihani nyumbani kwa simu, na atakayeshindwa hataongezewa mkataba. Mimi, mzee mzima, nirudi shule? Simu nikampa Mama Suzana anifanyie.

"Baba Suzana, baridi ikipungua unaanza na nini?" aliniuliza jioni moja.

"Bonyeza popote. Hayo si ya kiwango chako."

Matokeo yalipotoka, jina langu liliongoza. Vijana wakaniita Profesa, nami nikaitika.

Ijumaa meneja alitukusanya. "Shikamoo, mzee. Njoo utuelekeze, wewe ndiye bora."

Nilisogea mbele nikijipanga kusingizia macho. Akawasha projekta, akaonyesha cheti changu ukutani. Sikujua kwamba simu ilikuwa inampiga picha anayefanya mtihani na kuiweka kwenye cheti.

Ukuta mzima ukajaa Mama Suzana, kilemba kichwani, kalamu mdomoni, amekunja uso anawaza. Sikuwahi kumwona hivyo, maana sikuwahi kumtazama.

Watu waliangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Huyu mama anafanya kazi wapi?"

"Ni mke wangu. Anauza dagaa."

"Mwambie aje Jumatatu. Wewe mzee, acha funguo za chumba cha samaki hapa mezani."