Wimbo Usiohitaji Ngoma

Nichekeni tu, lakini mwanzoni nilijiona mjanja. Bwana Mdachi alikuja kukagua shule yetu hapa Rumonge, akataka kuimbiwa wimbo wa zamani, wa mdomo tu, bila ngoma. Wenzangu wakahangaika, maana nyimbo zetu nyingi bila ngoma hupwaya. Mimi nikakumbuka ule wa kumlilia mvuvi aliyezama, ambao huimbwa ngoma zote zikiwa kimya.

Nilipomtajia mwalimu, akaninong'oneza, "Huo hauchezewi."

"Mzungu atajuaje, mwalimu?"

Nikaimba, tena nikavuta sauti hasa. Mdachi akafumba macho. Nilimfikiria yeye peke yake. Sikuwafikiria kina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, nyuma ya ukuta wetu wa matete, waume zao wakiwa bado ziwani.

Kwanza nikasikia kilio kimoja, kisha vingi. Mlango ukajaa wanawake. Mbele yao alikuwa mama yangu, ndagala zingali mikononi.

"Ni nani, mutoto wangu? Ni baba yako?"

Mdachi alikuwa anapiga makofi.

"Hakuna mtu, mama," nikasema. "Nilikuwa naimba tu."