Posa ya Chupa Moja ya Sukari

Shida zangu zilianza mwaka wa 2003, nikiwa na miaka hamsini na sita, siku daktari wa Kajiado aliponikataza sukari. Najua wazee wenzangu wakisimulia maisha yao huanza na njaa. Mimi pia nililala njaa, na shule niliiachia darasa la tatu, lakini hiyo sikuiita shida kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Chai bila sukari nilipewa peke yangu.

Biashara niliianza kwa kununua mbuzi soko la Kajiado na kuwauza Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa vumbi na harufu ya machinjio. Miaka ya tisini, watu wa mshahara walipoanza kutoka Nairobi kuja kwetu, niliwajengea nyumba za kupanga, na hoteli ya chai kando ya barabara ya Namanga. Kwangu sukari haiwekwi mezani. Inapikwa ndani ya sufuria pamoja na maziwa, na mgeni akitaka kidogo, hiyo ni shauri yake. Sasa daktari, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama zitoke, ananiambia nikiendelea nitakatwa mguu.

"Basi nikunywe nini?"

"Maji, mzee."

Mwaka uliofuata kitinda mimba wangu, msichana aliyesomea mambo ya vyakula chuo kikuu, alituambia amepata mchumba. Kijana wa magharibi, wa huko kwenye miwa, anafanya kazi maabara Nairobi. Mimi sikuwa na neno. Lakini kwetu msichana si wa baba pekee, ni wa ukoo, na msemaji wa ukoo ni kaka yangu mkubwa, mtu ambaye hajawahi kukubali jambo lolote kabla ya jua kuzama. Alikuwa amesema wazi kwamba hatatoa mtoto kwa mwanamume ambaye hajachunga hata kuku.

"Baba, wakimkataa, mimi sirudi hapa tena," msichana aliniambia. Na kile kichwa nakijua. Ni changu.

Anayeposa kwetu huleta blanketi, majani ya chai na gunia la sukari. Sukari hiyo inapikwa siku hiyo hiyo, wazee wanakunywa, ndipo maneno yanaanza. Siku ya posa ilipofika, wazee wa ukoo wakiwa wameketi kwangu, kijana alitoa blanketi. Akatoa majani. Halafu akatoa mfukoni mwa koti chupa moja ya unga mweupe.

"Gunia liko kwa gari?" kaka yangu akauliza.

"Hakuna gunia, mzee. Nimeleta hii, kwa ajili ya afya ya baba."

"Kwenu miwa imefika mpaka mlangoni, na unatuletea chumvi ya mbuzi?"

Kijana akaeleza, pole pole kama mtu anayevuka mto. Hiyo ni sukari adimu. Wanachukua sukari iliyo ndani ya maziwa, wanaigawanya, halafu nusu yake wanaigeuza kuwa sukari nyingine, tamu karibu sawa na ya dukani, lakini haipandishi ugonjwa na hainenepeshi sana.

"Inageuzwa na nani?" kaka yangu akadakia.

"Na kimeng'enya, mzee. Ni kitu kinachotengenezwa na bakteria."

"Bakteria ni wadudu?"

"Ni wadogo sana, hawaonekani."

"Kwa hivyo tumekuja kunywa mate ya wadudu."

Wazee wakacheka, na midomo yao bado ilikuwa myeupe kwa maziwa ya kibuyu, ambayo walikuwa wamesifu namna yalivyoganda. Nani aliyagandisha, hakuna aliyeuliza.

Mke wangu hakungoja kesi iishe. Sukari ya posa inaingia yote kwa sufuria, haibakizwi, na yeye ni mtu wa desturi. Alishika chupa, akamimina yote. Kijana aliinuka nusu. "Mama, kijiko kimoja tu..." Msichana akamwangalia, naye akaketi. Baadaye nilijua kwamba ule unga ulikuwa kazi ya kijana ya miezi mingi huko maabara. Lakini alisimama tena, akatugawia vikombe mwenyewe, bila kukunja uso. Hapo ndipo nilimpa msichana wangu, kimoyomoyo.

Nikakunywa. Ilikuwa tamu, tamu kabisa. Nikakunywa cha pili, nikauangalia mguu wangu.

Kaka yangu alikunywa vinne, ili athibitishe kwamba si tamu. Kisha akafungua hotuba, akaanzia ng'ombe wa babu yetu. Hakufika kwa baba. Tumbo lake liliongea kwanza, na la jirani yake likajibu.

"Hicho ndicho nilitaka kusema," kijana akaninong'oneza. "Ikizidi, tumbo linajaa hewa na kufunguka."

Choo changu wakati huo kilikuwa kimoja. Mzee wa kwanza alitoka kwa heshima. Wa pili alitoka haraka. Kaka yangu akasimama, ameshika shuka kwa mikono yote miwili.

"Mpeni msichana. Ng'ombe ataje baba yake," akasema, akaenda kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona tangu tukiwa morani.

Ilikuwa bado saa tano asubuhi. Mimi pia nilikuwa nimebanwa, lakini mwenye boma hatangulii wageni. Nikataja ng'ombe haraka, na wachache.

Leo niko na hoteli moja, nyumba za kupanga Kitengela, shamba Kajiado na ng'ombe ndani yake, vyoo vitatu, miguu miwili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, na chupa ya unga mweupe juu ya kabati, na kijiko chake.