Sangara wa Ubavuni

Mdomo wa sangara niliyemchora ulianzia kwenye taa ya mbele ya basi, mkia ukaishia kwenye bampa la nyuma. Mlango uliangukia penye matamvua, hivyo kila ulipofunguliwa, samaki alionekana kuvuta pumzi. Mwenye basi alikuwa amepata mtaji wake kwa kuuza sangara wa Bumbire, ndiyo maana alimtaka.

Niliacha shule darasa la sita, wazazi wetu walipofariki. Nilijifunza kupaka magari rangi hapa Kashai ili wadogo zangu watatu wasiache kama mimi. Kazi ya sangara ndiyo iliyompeleka sekondari mdogo wetu wa mwisho, wa kike.

Mwaka jana huyo mdogo wangu, sasa mtaalamu wa kompyuta, alitengeneza mchezo wa simu: unaendesha basi kutoka Bukoba hadi Muleba. Basi lenyewe ni lile la sangara, magamba yote. Kampuni iliyotaka kuusambaza ikamwambia alete kibali cha maandishi cha mwenye basi, la sivyo hawaupokei.

"Kibali cha nini, kaka? Samaki umemchora wewe."

"Nilimchora, nikalipwa, nikamkabidhi. Ukishauza mkungu, huendi tena kuchuma ndizi zake jikoni kwa watu."

"Basi nambadilisha awe kambale."

"Muleba nzima itasema ni yule yule sangara, ameota ndevu."

Tukaenda Kanazi kwa mwenye basi. Mzee alitupa kahawa ya kutafuna, akaomba aone. Mdogo wangu akaendesha vizuri, ila kwenye kona moja mkono ukateleza, basi likapinduka mtaroni.

Mzee akatema ganda la kahawa. "Basi langu linapinduka?"

"Ni mchezo tu, waitu," mdogo wangu akasema, kwa heshima ya Kihaya.

"Abiria wangu wana simu. Nani atampandisha mama yake kwenye basi aliloliona mtaroni?" Akamrudishia simu yake.

Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inarudi mfukoni. Nikasema, "Mzee ana haki. Ondoa ajali."

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Bila ajali atacheza nani?"

Nikafikiri jinsi abiria wetu walivyo. "Dereva akizidisha mwendo," nikasema, "basi lisimame. Abiria wateremke wote, wamseme mpaka aombe radhi."

Mzee akacheka hadi akashika ubavu. "Na wamseme kwa Kihaya!"

Baada ya majuma matatu tulirudi. Mzee mwenyewe akajaribu, akakimbiza basi makusudi, akasemwa vya kutosha. Kisha akachukua kile kibali na kalamu, lakini hakusaini.

"Hapa pameandikwa basi ni langu. Samaki amechorwa na nani?"

"Na mimi, mzee. Lakini nilishakukabidhi."

"Nilinunua samaki, sikununua mkono wako. Binti, andika jina la kaka yako, humu na kwenye mchezo."

Mdogo wangu akaandika polepole majina yangu yote matatu, la babu nalo. Ndipo mzee akasaini.

Juzi dereva mmoja wa bodaboda alikuwa kivulini mwa karakana yangu, anacheza. Nikasikia sauti za kina mama zikimwandama kwa Kihaya. Nikamwacha asemwe mpaka mwisho, kisha nikaweka brashi chini, nikamwomba simu, nimwonyeshe jina langu.