Risasi kwa Bega la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alinipigia simu nikiwa zamu, kule Jette, hapa Ubelgiji, ninakofanya kazi ya unesi, akaniambia Jumamosi nimsindikize Evere, kwenye duka la bunduki, kuchagua risasi. Nikasema ndiyo, papa. Kisha nikaenda chooni nikanawa uso, maana nilijua nimebanwa pabaya.

Mzee ni mtu wa Kivu kama mimi. Miaka yake ya mwisho ya kazi aliimalizia katika kiwanda cha magari kule Forest, na wenzake wa kiwandani ndio waliomfundisha kuwinda. Kila vuli hupanda nao milima ya Alpi kutafuta shamwa, mbuzi-mwitu wa kwenye majabali. Bunduki yake ya zamani ilianza kumshinda uzito, akaamua kuagiza nyepesi, ya kubebwa na mtu wa umri wake. Lakini bunduki huagizwa kwa risasi yake. Ukishatia sahihi, huwezi kuja kesho ukailisha nyingine.

Mimi si mwindaji. Milio niliyoisikia utotoni inanitosha. Hata hivyo wiki ile nilisoma habari za risasi kwenye tramu kama mwanafunzi aliyekumbuka mtihani asubuhi yake. Nilichoelewa ni kwamba bunduki nzito humeza teke lake yenyewe, ila nyepesi humwachia mwenye bega. Risasi kubwa, ile wanayoiita magnum ya mia tatu, hufika mbali na kwa nguvu, na ukiitia katika bunduki nyepesi, shukrani yake ni ya punda, mateke. Ile ya milimita sita na nusu ni ya upole, na shamwa, ambaye kwa mwili hamzidi sana mbuzi wa kawaida, hahitaji zaidi ya hiyo. Kwa mtu mwingine ungekuwa ubishi wa kunywea kahawa tu.

Kwa baba mkwe haukuwa hivyo. Miezi michache kabla alikuwa amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, chini ya mtulinga, upande wa kushoto. Mimi ndiye niliyempeleka. Daktari alimuuliza anatumia mkono gani, ili kifaa kikae upande wa pili, na mzee akajibu, wa kulia. Kwetu ungejibu nini kingine? Alichapwa utotoni hadi akajua kula, kuandika na kusalimia kwa mkono wa kulia, na ule mwingine hautajwi mbele ya wageni. Ila nyuma ya bunduki mwili wake ulibaki ulivyoumbwa, kitako hukaa bega la kushoto. Nilijua. Nilishamwona akilenga shabaha uwanjani. Mficha uchi hazai, ndivyo ninavyowaambia wagonjwa wangu, lakini siku hiyo nesi mzima nilitazama viatu vyangu. Mkwe hamsahihishi baba mkwe mbele ya watu.

Tangu hapo niliishi na hofu ambayo sikumwambia hata mke wangu. Nilikuwa nauona ule waya mwembamba wa kifaa uingiao moyoni, na kitako cha bunduki kikiugonga pale pale. Ukikatika mlimani, mbali na gari la wagonjwa, mke wangu angenitazama kwa macho gani?

Dukani muuzaji, Mbelgiji mpole, alimpa mzee bunduki ya mfano ajaribu. Akaiinua. Bega la kushoto, bila kufikiri.

"Trois cents magnum," mzee akaniambia, ile ya mia tatu. "Miguu yangu haiwezi tena kukaribia nyama. Risasi ndiyo itaenda mbali pa nafasi yangu."

"Papa, na ile ya six cinq?" nikauliza, nikimaanisha ile ya sita na nusu. "Ile haipige sana."

"Ile ni ya batoto." Aliigeuza bunduki mikononi, akanitazama. "Bon, mukwe, weye uko nesi, unasoma. Unasema nini?"

Jibu la mkwe kila mtu analijua: ile unayopenda, papa. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Muuzaji alikuwa anatafuta kalamu.

"Papa, weye ni wa kushoto," nikasema. "Na mashini ya roho iko kushoto. Hata six cinq tusichukue leo. Kwanza muganga ajue."

Nilisema kwa Kiswahili ili muuzaji asielewe, lakini mzee aliinamisha uso kana kwamba duka zima limesikia. Akairudisha bunduki mezani polepole, akamwambia muuzaji kwa Kifaransa kwamba tutarudi. Tukatoka, tukasimama kituoni kungoja basi. Nilikuwa najiandaa kutukanwa, na nilikuwa tayari, mradi yuko hai wa kunitukana.

"Siku ile ya hospitali, ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, papa."

"Alors, juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu ya heshima."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mimi, haya ilinifunga kinywa," akasema. "Nilisema mukono ya kuume, kisha nikakuangalia weye. Nilingojea useme. Nilikuangalia mpaka banesi bakanipeleka."